Dogo kafuatwa na wakala, mnacheki nini kabla ya kusaini

Wadau wa soka habari za jioni. Mimi niko Nkuhungu hapa Dodoma, sio mwanasheria na sio wakala, nalea timu ya vijana ya mtaani mwaka wa kumi na kitu sasa, na kila UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ikiisha au dirisha la usajili likikaribia simu zinaanza. Mama fulani anapiga, "kocha kuna mtu kaja nyumbani anasema ni wakala, anataka mtoto asaini leo leo kesho anasafiri, tufanyeje?" Nimejibu hilo swali kwenye simu mpaka vocha zimeniisha, kwaiyo naandika lote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia asome mwenyewe.

Nianze na kilichonifanya nianze kusoma hizi kanuni. Mwaka 2018 mpwa wangu, mtoto wa dada, alisainishwa kwenye mgahawa mmoja karibu na Sabasaba. Chai, chapati mbili, na jamaa mwenye begi la laptopu ambalo mpaka leo sijui kama ndani kulikuwa na laptopu kweli. Karatasi zenyewe mbili, mhuri wa zambarau umegongwa upande upande, na kipengele cha nne kinasema mkataba utadumu "kwa kipindi chote cha uchezaji wa mchezaji". Kipindi chote! Sehemu ya asilimia imeachwa nukta nukta haijajazwa. Dogo ana miaka 19, akasaini, akapewa elfu hamsini ya nauli na vocha akarudi nyumbani anachekelea, na kopi hakupewa, wala hakuomba. Miaka miwili mbele timu moja ikamtaka, dau dogo tu la kuanzia maisha, jamaa akaibuka huko alikokuwa na zile karatasi zake, nukta nukta zimeshajazwa kwa kalamu ya rangi nyingine: asilimia 50. Tulibishana wiki nzima na dirisha linafungwa, mwisho tukampa theluthi ya dau ili mtoto acheze mpira. Mzee mmoja wa timu akaniambia "mjomba mtu ulikuwepo mjini hapahapa na hukusoma karatasi", nikakosa la kumjibu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kabisa kabla hata ya kumkaribisha mtu chai: ana leseni? Na hapa watu wanachanganywa na historia. Zamani kulikuwa na mawakala wenye leseni, afu kuanzia tarehe 1 Aprili 2015 FIFA ikafuta habari ya leseni ikaja na kitu cha "watu wa kati", yaani mtu yeyote anajiandikisha kwa shirikisho la nchi anafanya biashara. Ndo kipindi ambacho kila mwenye simu mbili na kadi ya biashara alikuwa wakala, na huyo wa chapati ni zao la kipindi hicho. Kipindi hicho kimeisha. Baraza la FIFA lilipitisha kanuni mpya za mawakala Desemba 2022, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 ukitaka kufanya kazi ya wakala lazima uwe na leseni ya FIFA. Kwaiyo mtu akikutolea kitambulisho cha 2017 mwambie asante kwa kumbukumbu.

Leseni haikaguliwi kwa kuangalia kadi au suti. FIFA wana orodha ya wazi ya mawakala kwenye tovuti yao, unaandika jina, unatafuta, kama yupo yupo. Fanya hivyo mbele yake, mwambie "samahani kaka naomba jina lako kamili kama lilivyo kwenye leseni", mtu halali hawezi kukasirika. Anayekasirika ameshakujibu.

Jibu maarufu kuliko yote ni "mimi niko chini ya kampuni fulani, bosi ndo ana leseni". Hili ndo linapitisha watu wengi. Leseni inatolewa kwa mtu, haitolewi kwa kampuni. Wakala anaruhusiwa kuwa na kampuni na wafanyakazi, sawa, ila mfanyakazi yeyote anayefanya kazi za uwakala au hata anayeenda tu kumshawishi mchezaji lazima na yeye awe na leseni yake. Hata ile ziara ya kwanza pale nyumbani kwenu tayari ni kumfuata mteja. Kwaiyo aliyekaa kwenye kochi lako ndo anatakiwa awe kwenye orodha, bosi aliyeko Dar au Dubai hamsaidii.

La pili hapohapo, na najua nitawaudhi watu ninaosalimiana nao kila Jumapili uwanja wa Jamhuri: kiongozi au mwajiriwa wa klabu, ligi au shirikisho haruhusiwi kuwa wakala. Huku kwetu katikati ya nchi, Dodoma, Singida, Manyoni huko, ni kawaida kukuta katibu wa timu ndo huyohuyo "meneja" wa wachezaji watatu wa timu hiyohiyo. Anakaa upande wa timu asubuhi anapanga mshahara, jioni anakaa upande wa mchezaji anakata cha juu. Kanuni inakataa hilo wazi. Pia mwenye maslahi kwenye kampuni ya kubeti haruhusiwi, na mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa utapeli, rushwa, kupanga matokeo na mambo ya namna hiyo haruhusiwi.

Na baba je? Baba ni baba, anakaa kwenye kikao, anamshauri mwanae, kama mtoto hajafika umri anasaini kama mlezi. Ila kujiita wakala na kuchukua asilimia ndo hapana bila leseni, undugu hauleti leseni. Vilevile mchezaji haulazimishwi kuwa na wakala. Ukitaka kwenda mwenyewe kuongea na timu nenda, na kipengele chochote kwenye karatasi ya wakala kinachokuzuia kujadili mkataba wako mwenyewe au kukupiga faini kwa kufanya hivyo ni batili. Hiki watu wengi hawakijui.

Halafu msichanganye wakala na wakili, majina yanafanana kazi tofauti. Wakili anakusomea mkataba na kukushauri, unamlipa kwa kazi yake. Akianza kukutafutia timu kwa asilimia ameshaingia kwenye uwakala na anatakiwa leseni kama wengine.

Sasa hii ya kanuni za nchi na kanuni za FIFA ndo watu wanakwama, ila ukiielewa utaona sio ngumu. FIFA iliyaagiza mashirikisho yote, TFF yetu ya Tanzania ikiwemo, yawe na kanuni zao za mawakala hadi kufikia tarehe 30 Septemba 2023. Kanuni za nchi haziruhusiwi kupingana na za FIFA lakini zinaweza kuwa kali zaidi, na pale sheria ya nchi inapolazimisha kitu tofauti zinaweza kwenda tofauti. Kanuni za FIFA zenyewe zinashika dili lenye sura ya kimataifa, za TFF zinashika dili la ndani. Chukua mfano wa mshambuliaji wetu Mbwana Samatta, kila mtu anamjua. Alivyotoka African Lyon kwenda Simba hiyo ni biashara ya ndani. Alivyotoka Simba kwenda TP Mazembe 2011 mpaka umevukwa, hiyo ni ya FIFA. Kwenda Genk Januari 2016, kwenda Aston Villa Januari 2020, hivyohivyo. Kwa kanuni za leo ndivyo ungezigawa.

Ujanja uko kwenye karatasi. Kama mkataba wako na wakala unahusu dili moja la ndani, tuseme kutoka timu ya Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) kwenda Dodoma Jiji, huo uko chini ya kanuni za TFF. Kama karatasi inasema atakuwakilisha kwenye dili zaidi ya moja na mojawapo ni la kwenda nje ya nchi, mkataba wote unachukua sura ya kimataifa. Mawakala wengi wanaandika "popote duniani" kwa mbwembwe tu bila kujua wamejihamisha wenyewe kwenye ukumbi mwingine. Kwako mchezaji sio lazima iwe mbaya, ila ujue mapema ukigombana unaenda kugonga mlango upi. Kanuni za ndani omba kopi TFF wenyewe au pitia chama cha mkoa, hapa kwetu DOREFA, wakuelekeze zilizopo msimu huo, usitegemee pidiefu ya kwenye magrupu ya Wasap maana zinazunguka hadi za 2015.

Karatasi yenyewe iweje? Iwe ya maandishi, iwe na majina ya pande zote, muda, kiasi cha ada, kazi atakayofanya, na sahihi. Kikikosekana kimoja rudisha. Muda ni kisichozidi miaka miwili kwa mchezaji au kocha, na kujirefusha chenyewe kimyakimya hakuna, kile kisentensi cha "utaendelea kama hakuna aliyetoa taarifa" hakina nguvu. Kuongeza ni kusaini upya. Pia kabla hujasaini wakala anatakiwa akwambie kwa maandishi kwamba ufikirie kupata ushauri wa mwanasheria asiyehusiana naye. Yaani kanuni inamlazimisha yeye kukwambia nenda kaulize, sasa anayekwambia "saini sasa hivi nawahi treni" anafanya kinyume kabisa. Treni ya SGR ipo kila siku, kesho atapata nyingine.

Na kama tayari una wakala mwenye mkataba wa kukushika peke yake, mwingine haruhusiwi kuja kukurubuni mpaka miezi miwili ya mwisho ya ule mkataba. Ukikuta mtu anakwambia "vunja na huyo mimi nitamlipa" jua ukivunja bila sababu ya msingi anayedaiwa fidia ni wewe, ahadi yake ya mdomo haipo popote.

Mimi siku hizi nafanya hivi na vijana wangu: tunapiga picha kila ukurasa, kila mtu anasaini chini ya kila ukurasa, sehemu yoyote ya wazi tunaichora mstari, tarakimu za asilimia zinaandikwa kwa namba na kwa maneno, na kopi moja inalala kwa mama. Hiyo ya mstari kwenye sehemu za wazi nimejifunza kwa gharama ya theluthi ya dau, mnajua.

Tuje kwenye hela, hapa vumilieni maana kuna kona.

Kanuni za FIFA ziliweka kikomo. Kwa mchezaji anayelipwa hadi dola 200,000 kwa mwaka, wakala wa mchezaji anachukua kisichozidi asilimia 5 ya malipo, juu ya hapo kiasi kinachozidi ni asilimia 3. Akiwa anawakilisha mchezaji na timu inayomsajili kwa pamoja, na wote wameridhia kwa maandishi, inakuwa asilimia 10 na 6. Wakala wa timu inayouza anaishia asilimia 10 ya ada ya uhamisho. Malipo yanayohesabiwa ni mshahara, hela ya kusaini na bonasi, nyumba na gari havimo.

Tupige hesabu ya kwetu. Kijana anapewa laki nane kwa mwezi, miaka miwili, na dau la kusaini milioni tano. Mshahara wa miaka miwili ni milioni 19.2, jumlisha tano inakuwa milioni 24.2. Asilimia 5 ya hapo ni milioni moja na laki mbili na elfu kumi, kwa miaka yote miwili. Sasa linganisha na huyu wa mtaani anayetaka nusu ya dau, milioni mbili na nusu, cash, siku ya kusaini, kabla mshahara wa kwanza haujatoka. Ndo mjue tunaibiwa kwa kiasi gani wakati tunasema "si amemtafutia timu jamani".

Kona yenyewe ni hii. Mawakala wakubwa wa Ulaya walikimbilia mahakamani, mahakama moja Ujerumani ikazuia, na tarehe 30 Desemba 2023 FIFA ikasimamisha dunia nzima baadhi ya vipengele: kikomo cha asilimia, utaratibu wa nani anamlipa nani, na masharti ya kuwakilisha pande mbili, wakisubiri mahakama ya Umoja wa Ulaya. Viliishi miezi mitatu tu. Wakayashauri na mashirikisho ya nchi yasimamishe vya kwao vinavyofanana na hivyo. Leseni haikusimamishwa, miaka miwili haikusimamishwa, mambo ya watoto hayakusimamishwa. Watu wa mjini wamesikia nusu ya habari wanatangaza "kanuni zimefutwa", muongo huyo.

Maana yake kwako ni kwamba kabla ya kusaini uliza TFF vipengele vya ada vimesimama wapi siku hiyo, na kama kikomo cha kanuni hakipo basi kikomo chako ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Hakuna mwingine atakayekulinda. Mimi nawaambia vijana watumie ile 5 kama kipimo hata kama imesimamishwa, wakala akitaka 10 aeleze anafanya kipi cha ziada. Na ada iandikwe inalipwa kadiri mshahara unavyoingia. Timu zetu mnazijua, mshahara unaweza kulala miezi mitatu, sasa kwa nini wakala awe ameshakula wa miaka miwili?

Ada ya wakala ni sehemu ya kile mchezaji anacholipwa. Mtu anayeanza kwa kuomba hela ya fomu, hela ya viza, hela ya "kumuona mtu" ubalozini, kabla hakuna timu wala mkataba, huyo hana dili, dili ni wewe. Namjua mzazi mmoja aliuza gunia za alizeti akapeleka milioni moja na nusu ya "majaribio Uturuki", kijana aliishia Mbezi siku nne kwa rafiki wa huyo wakala akarudi na basi. Huyo hafuatwi kwa kanuni za mpira, huyo ni polisi.

Watoto sasa. Wakala haruhusiwi kumfuata mtoto wala mzazi wake mapema mapema, anaruhusiwa kuanzia miezi sita tu kabla mtoto hajafika umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na kabla ya kumfuata awe na kibali cha maandishi cha mzazi au mlezi. Kibali kwanza, kumuona mtoto baadae. Wakala mwenyewe awe amesoma kozi maalum ya kuwakilisha watoto, sio kila mwenye leseni anayo, muulize. Na hakuna kuchukua ada kwa mtoto isipokuwa anasaini mkataba wa kulipwa. Mkataba wa timu kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Sheria yetu ya mikataba nayo inamtambua mwenye miaka 18 kuendelea kuwa ndo mwenye uwezo wa kufunga mkataba, kwaiyo yule anayesainisha mtoto wa kidato cha pili peke yake nyuma ya goli, bila mzazi, ana karatasi ya kufungia vitumbua.

Kwenda nje ndo kabisa. Uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, kuna vighairi vichache kama wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizo za mpira, na ile ya miaka 16 hadi 18 inahusu kuhama ndani ya Ulaya, haimhusu mtoto wa Kizota. Mtu akikwambia mwanao wa miaka 16 anaenda kusajiliwa Oman au Ureno, muulize kwa kighairi kipi. Uliza hivyohivyo tu, "kighairi kipi?", utaona anavyotafuta funguo za gari.

Kuna vijana huwa wananiuliza pia jinsi ya kuwa wakala wao wenyewe, na nasema nendeni, tunawahitaji wa huku. Unaomba kwenye mfumo wa FIFA mtandaoni, wanakuchuja sifa, unafanya mtihani wa maswali 20 ya kuchagua, unatakiwa upate 15, afu unalipa dola 600 kila mwaka na kila mwaka unatimiza mafunzo ya kujiendeleza. Unaruhusiwa kuwa na vitabu ila usidanganyike, saa moja kwa maswali 20 haikupi nafasi ya kufungua kurasa, na mtihani wa kwanza Aprili 2023 waliofaulu walikuwa asilimia 52 tu ya waliofanya. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kiswahili hakuna, hilo linaniuma maana nina kijana mmoja pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anajua hizi kanuni kuliko mimi lakini maswali yao yamefungwa fungwa kama mafumbo.

Mkigombana mnaenda wapi? La ndani linaanzia kwenye vyombo vya TFF, ambavyo watu wanavijua zaidi kupitia Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, ileile iliyokaa kwenye sakata la Feisal kutaka kuvunja mkataba na Yanga Januari 2023. La kimataifa linaenda chemba ya mawakala ya mahakama ya soka ya FIFA, na ukishindwa huko kuna CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Uswisi. Huko FIFA ukikaa zaidi ya miaka miwili tangu tatizo litokee hawakusikilizi tena, kwaiyo ile tabia yetu ya "tumuachie Mungu" hadi msimu wa tatu inakupotezea haki. Tunza meseji, tunza risiti za M-Pesa na Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa), andika tarehe. Vikao vya mdomo vya kwenye gari havikusaidii popote.

Mpwa wangu bado anacheza, yuko Singida huko. Mwaka jana alifuatwa na wakala mwingine, safari hii alinipigia kwanza, akaniambia "mjomba nimetafuta jina lake kwenye orodha ya FIFA, yupo, ila anataka miaka mitatu". Nikamwambia mrudishie aandike miwili. Akaandika miwili.